Udongo Niliosema Nimeuonja

Watu wengi hudhani fundi wa kujenga hustaafu kwa sababu ya mgongo au magoti. Mgongo wangu mzima, na magoti bado hunipandisha ngazi bila manung'uniko mengi. Mimi nimestaafu kwa sababu ya ulimi. Nitaeleza, lakini kwa zamu yake, maana nyinyi mlionipokea kazi mna haraka ya kufika kwenye paa kabla msingi haujatulia, na sitaki kuwaunga mkono katika tabia hiyo hata kwenye karatasi.

Naitwa Omari, mzaliwa wa Malindi mjini. Miaka yangu ya mwanzo nilikuwa mwashi wa saruji. Tulijenga hoteli na majumba ya wageni ufuoni: matofali ya saruji, nguzo za zege, na juu tunaezeka makuti ili mgeni ajue yuko pwani. Nilikuwa na timazi ya shaba niliyoipenda kuliko saa ya mkononi, na nikiona ukuta wa mwenzangu umelalia upande hata kwa unene wa kucha, nilikuwa nakohoa kwa makusudi. Nilikuwa hodari, na nilijijua.

Kazi za hoteli zilipopungua, nikasikia kuna mradi unatafuta mwashi wa kwenda Jilore, wanakijiji wajenge darasa la chekechea kwa udongo, miti ya kupanda na nyasi. Nilikwenda nimebeba pima maji, timazi na miko miwili, nikiamini naitwa kufundisha. Nilimkuta mama mmoja mfupi, kanga kiunoni, miguu imejaa matope hadi magotini. Walimwita Hawe Mbodze. Hawe ni bibi kwa Kigiriama, na huyo ndiye aliyekuwa mkuu wa kazi.

"Shikamoo, bibi," nikamwambia.

"Marahaba, mwanangu. Wewe ndiye fundi wa mjini?"

"Ndiye mimi."

Akamega donge la udongo kwenye rundo lililokuwa kando yake, akaniwekea kiganjani. "Onja."

"Nionje nini?"

"Udongo. Kwani umeletewa chai?"

Wanawake waliokuwa wakikanyaga matope walicheka mpaka wakashikana mabega. Nikaweka kiasi cha punje ulimini. Hawe akanieleza kwa subira. Utafune kwa meno ya mbele: mchanga utausikia ukikwaruza, udongo wa mfinyanzi utanata kwenye ufizi. Ukinuka majani yaliyooza, huo ni wa juu, mrudishie mkulima apande mahindi. Lakini zaidi ya yote ni chumvi. Udongo wenye chumvi hunywa maji ya hewani kila siku, hauna kiangazi wala masika. Ukuta wake hutoa unga mweupe miguuni, kisha hupukutika kuanzia chini. Vipimo vingine vyote, alisema, macho na mikono vinaweza kukisia. Chumvi inajulikana kwa ulimi peke yake.

Nilimwitikia, kisha nikafanya nilivyotaka. Kipande changu cha ukuta nilikipiga kwa udongo wa mfinyanzi mtupu, kwa kuwa nilitaka kiteleze kama lipu ya hotelini. Siku ya tatu kilikuwa na nyufa za kupitisha kidole. Hawe alikuja akaupitia ufa mmoja mmoja. "Hapa atapita mjusi. Hapa atapita panya. Hapa, nikipungua kidogo, nitapita mimi." Nilikibomoa mwenyewe, nikakipiga upya kwa vipimo vyake, na mara hiyo ya pili hakikupasuka.

Nilikaa naye kazi tatu mfululizo. Alinifundisha kuulaza udongo na nyasi zilizokatwakatwa siku tatu kabla ya kuukandika, na kuukanyaga kwa miguu mitupu, kwa kuwa wayo huona kijiwe ambacho pauro huruka. Alinifundisha msingi wa mawe ufike gotini, na upenu utoke nje mkono mzima, ili mvua ianguke mbali na ukuta. Siku moja nilipima ukuta wake kwa timazi nikamwambia umekwenda nje kwa kidole gumba. Akaniuliza kama hilo gumba litaninyima usingizi. Timazi sikuiacha, lakini kukohoa niliacha.

Hawe ametangulia mbele ya haki kitambo. Namkumbuka kila ninapokanyaga matope, na mpaka leo pengo lake halijazibika.

Huko Jilore ndiko nilikokutana na Kazungu, mtu wa Junju, Mkristo, mwezekaji wa nyasi na makuti, mwenye mdomo mzito na mikono myepesi. Tuligawana kazi bila kuandikiana: yeye mbao na paa, mimi msingi na kuta. Tumefanya kazi pamoja zaidi ya miaka ishirini na tumegombana mara mbili tu, zote mbili akiwa na haki. Moja ya hizo ilikuwa kwao Junju, tulipomjengea jirani yake nyumba nzuri ya udongo. Yule bwana aliona haya kukaa katika nyumba ya matope, akaipiga lipu ya saruji bila kutuambia. Saruji haipumui. Unyevu ulifungiwa ndani, na mwaka wa pili lipu ikaanguka kwa vipande vikubwa, pamoja na nusu ya ukuta. Mimi nilimlaumu mwenye nyumba. Kazungu akaniambia kosa ni letu, hatukumweleza. Tangu hapo tumekuwa tukieleza mpaka watu wanachoka.

Sasa nifike Sabaki, kwenye kazi ninayotaka muijue kuliko zote.

Mwalimu Kadzo alikuwa amestaafu ualimu, mjane, anaishi kwenye shamba la marehemu mumewe upande wa Sabaki. Alitaka nyumba ya vyumba vitatu, ya udongo, baridi mchana, ajengewe palepale penye mikorosho aliyoipanda na mumewe. Mwanawe wa pekee, Karisa, alikuwa msimamizi wa ujenzi wa magorofa Nairobi. Yeye aliona aibu mama yake kurudi kwenye matope. Alitaka ahamie kwake. Walivutana mpaka wakafikia mapatano mbele yangu, kwa simu iliyowekwa sauti tusikie sote: nyumba ikivuka masika moja bila kasoro, Karisa hatasema tena. Ikiharibika, mama atafunga mizigo aende Nairobi.

"Umesikia, fundi?" Mwalimu akaniuliza simu ilipokatwa. "Huko kwake nilikaa wiki mbili. Ghorofa ya nne. Asubuhi nikifungua dirisha natazama ukuta wa jirani, jioni nautazama tena. Nikirudi kule nitakufa huku natembea. Nijengee nyumba."

Nikamwambia awe na amani, amepata mtu.

Tulisimamisha nguzo za mvinje, ule unaopandwa mashambani na kuvunwa, kwa sababu boriti za mikoko tuliacha kuzitumia tangu tulipoona fuo zikibaki tupu. Kazungu akaezeka. Tukafunga fito. Ilipofika zamu ya udongo, Ramadhani ikaingia. Mwaka ule iliangukia kwenye kipupwe, mwezi wa nane.

Karibu na shamba, kuelekea mtoni, niliona shimo lenye udongo wa kupendeza macho: mwekundu kiasi, laini, hauna mizizi. Kanuni yetu ni kutumia cha karibu, tusibebeshe lori safari bila sababu. Niliuviringisha kiganjani kama sigara, haukukatika. Niliutia kwenye chupa ya maji, nikautikisa, ukajipanga tabaka zake vizuri. Niliangusha donge kutoka kimo cha bega, likabonyea bila kusambaratika. Kilichobaki kilikuwa ulimi, na mimi nilikuwa nimefunga.

Kazungu alikuwa kando yangu. "Fundi, nikuonjee mimi? Mimi sijafunga."

Neno jepesi kama hilo. Mtu mwenye akili angesema ndiyo. Mimi nikasema ulimi wa mkuu wa kazi ndio unaoamua, nitauonja nikishafuturu. Nikatia donge kwenye mfuko wa shati nikaenda zangu nyumbani Malindi. Nilifuturu uji na tambi, nikasali, nikalala. Shati lilikwenda kwenye beseni la kufulia, na mke wangu Zena akaniuliza kesho yake kama siku hizi nalipwa kwa matope.

Nilipofika kazini watu walikuwa wamekwisha kuvua viatu, wanasubiri. Kazungu akauliza, "Vipi udongo?"

"Mzuri," nikasema. "Nimeuonja."

Nimeyaandika maneno hayo hapa kwa sababu sijawahi kuyaandika popote. Sikusema uongo kwa nia mbaya. Niliona haya kusema nimesahau, mbele ya watu kumi na wawili wanaoniita fundi. Na kuta zote za nje zikakandikwa kwa udongo ule.

Iddi ikapita, kuta zikakauka, tukapiga lipu ya udongo na kupaka chokaa juu yake. Nyumba ilipendeza. Mwalimu akahamia na kuku wake. Mwezi wa kumi nikapita kuangalia, na miguuni mwa ukuta wa mashariki nikaona unga mweupe. Nikajiambia ni chokaa inajichuja. Nikaufuta kwa kiganja. Juma lililofuata ulikuwa umerudi, na chini yake lipu ilianza kuinuka kama ngozi iliyoungua jua. Nikatazama huku na huku, nikapiga magoti, nikalamba ukuta.

Chumvi. Chumvi ya kutosha mchuzi wa harusi.

"Fundi, unalamba nyumba yangu?"

Mwalimu Kadzo alikuwa amesimama nyuma yangu na ungo wa mchele. Ningeweza kubuni neno. Kazungu, nilipomwonyesha asubuhi ile, alikuwa amekwisha kunikumbusha kuwa matabaka mawili ya rangi nzuri yangeuficha unga ule mpaka Karisa aje Desemba na arudi zake. Hakunishauri nifanye hivyo. Alikuwa ananipima tu, namjua.

Nikasimama nikamweleza Mwalimu yote. Shimo liko mahali ambapo maji ya bamvua, bahari inapojaa sana, hupanda mto na kuingia ardhini. Udongo ule una chumvi. Nilikuwa sijauonja, na nilisema nimeuonja.

Akaweka ungo chini polepole. "Ulisema uongo na huku umefunga?"

"Ndiyo, Mwalimu."

"Miaka thelathini na moja nimesimama mbele ya watoto. Mtoto hutoka kapa kwa kuwa hajui, hilo namsamehe. Wewe ulikuwa unajua." Nikatambua kwamba si hasira peke yake, ni hofu. "Umenipeleka ghorofa ya nne, Omari."

Hakuna aibu niliyowahi kuipata inayofika hapo. Nilitamani anitukane zaidi.

Akainua macho juu, kisha akauliza, "Bila kugusa paa, kuta zinabomoleka?"

"Zinabomoleka. Paa limekaa juu ya nguzo. Tunatoa udongo, fito zinabaki."

"Basi zibomoe kabla mvua haijakukuta. Gharama ni zako."

"Ni zangu."

"Na huo udongo mpya, hakuna pauro moja itakayoingia humu kabla sijauonja mimi mwenyewe. Nifundishe."

Nikamfundisha palepale, kama nilivyofundishwa, meno ya mbele kisha ufizi kisha ulimi. Jioni ile nilimweleza Zena. Akanitazama kwa huruma ile ambayo wanawake huwawekea waume zao. "Mimi Ramadhani nzima naonja chumvi ya mchuzi kwa ncha ya ulimi, kisha natema. Mpishi karuhusiwa kwa haja yake. Hukuniuliza?" Sikuwa nimemwuliza. Sikuwa nimemwuliza mtu yeyote kitu chochote, na hapo ndipo ugonjwa wangu ulipokuwa.

Udongo wenye chumvi tuliurudisha shimoni ulikotoka. Huo ndio uzuri wa kazi hii, kosa lako halibaki limerundikwa kando ya barabara miaka hamsini. Tulizunguka kutafuta mwingine. Mwalimu Kadzo alitema shimo la kwanza, akatema la pili, na la tatu, juu ya kilima nyuma ya shamba, akalitafuna muda mrefu kisha akasema, "Hili." Nikaonja baada yake. Alikuwa sahihi.

Tulikuwa tumekandika ukuta mmoja tu Karisa alipofika kwa likizo ya Desemba. Alishuka kwenye gari akaona nyumba ya mama yake: paa zima juu, chini fito tupu, na kuku wakiingia chumba cha kulala kwa upande wanaotaka. Alikuwa mtu mrefu, mtulivu, na utulivu wake ndio ulionitisha.

"Mama. Hii ndiyo nyumba?"

"Ndiyo hii."

"Basi tumemaliza. Tulikubaliana."

"Tulikubaliana masika," Mwalimu akasema. "Leo ni Desemba."

Nikajitokeza. Nikamwambia mimi ndiye fundi, kosa ni langu, mama yake hana hatia wala udongo kwa jumla hauna hatia, ni ule mmoja ambao sikuuonja na nikadai nimeuonja.

Akanigeukia. "Nani mwingine alijua kuwa hukuuonja?"

"Hakuna."

"Kwa hiyo ungepaka rangi nisingeona."

"Usingeona mpaka masika."

Mama yake hakungoja aendelee. Alikuwa na madonge mawili kwenye kisahani, la shimo na la kilima, maana alilitarajia swali. "Fungua mdomo," akamwambia, naye mtu anayesimamia magorofa akafungua mdomo. La kwanza alilitema mpaka kwenye mkorosho. La pili akalisikiliza.

"Hili halina kitu," akasema.

"Ndilo linaloingia ukutani."

Karisa akafuta midomo yake. "Fundi, mimi nina watu mia chini yangu. Hakuna hata mmoja aliyewahi kuja kuniambia ulichoniambia sasa hivi." Nikadhani amelainika. "Lakini masika iko palepale. Nyumba ikiharibika, namchukua mama."

Masika ilikuja na nguvu zake zote. Nilikuwa nakwenda Sabaki kila juma, nikipiga magoti mbele ya kila ukuta kama mtu anayeomba radhi, na kwa kweli nilikuwa naomba. Upenu ulitupa maji mbali, msingi ukabaki mkavu, unga mweupe haukuonekana. Mwisho wa mvua Karisa akanipigia simu akitaka picha za miguu ya kuta, si za mlango wala za maua. Nikazipiga nane. Akajibu, "Sawa." Mwalimu Kadzo alilisoma neno hilo kwenye simu yangu mara nyingi kuliko urefu wake, kisha akaenda nyuma ya nyumba akalia peke yake, nami nikajifanya napima upenu.

Tangu siku hiyo niliweka sheria, na nyinyi mmeikuta: ndimi mbili kwa kila shimo, na wa pili asimsikie wa kwanza amesema nini. Wakati wa Ramadhani, Kazungu alikuwa anaonja pamoja na yeyote asiyefunga, nami nilikaa kando na timazi yangu. Wengine mmenong'ona kwamba mzee ana masharti mengi. Nimesikia, sina tatizo la masikio.

Mwaka jana niliugua homa kali nikapona. Tulikuwa tunaanza darasa lingine kule Jilore. Nikaonja udongo wa shimo jipya, nikauona safi, nikaandika kikaratasi changu nikakikunja. Kazungu akaonja, akatema, akafunua kikaratasi changu. Hakucheka.

"Fundi. Ni chumvi tupu."

Nikaonja tena. Hakuna kitu. Nilipofika nyumbani nikalamba chumvi ya jikoni kwenye kijiko, na ilikuwa kama kulamba kijiko chenyewe. Sheria niliyoitunga kwa aibu yangu ndiyo iliyookoa darasa la watoto, na ndiyo iliyoniambia kazi imekwisha. Sikuhuzunika sana kama mnavyofikiri. Siku ya tatu nilimkabidhi Kazungu timazi ya shaba.

Juma lililopita nilikwenda Sabaki kumwamkia Mwalimu Kadzo. Amezeeka, anatembea na mkongojo, na nyumba yake imepakwa chokaa mpya. Tulikunywa chai barazani. Kisha mazoea yakanishinda, nikaenda ukuta wa mashariki nikapiga magoti. Palikuwa na weupe kidogo miguuni. Inawezekana ni chokaa mpya. Nikaparua kwa kucha nikatia ulimini, nikangoja, na sikupata jibu lolote.

Nikageuka.

"Mwalimu," nikasema, "ulimi wangu umekufa. Nionjee."

Akauegemeza mkongojo ukutani, akainama kwa shida, akaparua palepale nilipoparua, akatafuna kwa meno machache ya mbele aliyobakiwa nayo. Alichukua muda wake, kama nilivyomfundisha. Akatema pembeni.

"Udongo na chokaa," akasema. "Hakuna kingine. Inuka, Omari, chai inapoa."

Nikamwamini, nikainuka.